Mapigo Kati ya Mapigo: Siku Tisa Barabarani na Watatu wa Piano

Siku ya kwanza: Kampala

Tulianza kupakia vyombo saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwetu Kibuli, na besi kubwa ya kusimama ndiyo iliyotushughulisha kuliko vyote, kwa sababu haikunjwi wala haiwekewi mzigo juu yake. Tuliilaza katikati ya gari dogo la abiria tulilolikodi, tukaizungushia magodoro mawili, kisha tukapanga ngoma pembezoni na piano ya umeme yenye vibonyezo 88 chini ya viti vya nyuma. Miksa yangu na nyaya zangu nilizipakata mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye fundi wa sauti wa kundi hili na sikutaka mtu mwingine azibebe.

Watatu hawa nimewafanyia kazi kwa miaka minne. Mpiga piano ni dada mzaliwa wa Mombasa aliyekuja Kampala kusoma akabaki. Mpiga besi ni mzee wa jamii ya Wanubi kutoka Bombo, mtu ambaye amepiga katika bendi za dansi tangu ujana wake na ambaye sote tunamwita Mzee. Mpiga ngoma ni kijana wa Kisoga ambaye baba yake alikuwa askari, naye alijifunza Kiswahili kambini Jinja kabla hajakijua vizuri Kisoga. Lugha yetu ya mazoezi ni Kiswahili, ingawa ubishi mkali huhamia kwenye Kiganda.

Muziki wao watu huuita jazi kwa kukosa jina jingine. Ndani yake mna jazi kweli, kwa maana ya kutunga papo kwa papo juu ya wimbo unaojulikana, lakini mna pia midundo ya dansi ya kielektroniki, nyimbo za kanisani, na vipande vya piano vya Ulaya ambavyo dada alifundishwa akiwa mtoto. Kwa muda mrefu kielelezo chao kilikuwa Esbjörn Svensson Trio wa Uswidi, kundi lililoanza mwaka 1993, Svensson akiwa kwenye piano, Dan Berglund kwenye besi na Magnus Öström kwenye ngoma. Nami nina sababu yangu ya kulipenda kundi hilo: fundi wao wa sauti, Åke Linton, alihesabiwa kuwa mtu wa nne wa kundi, na kazi yake unaisikia kila besi ya Berglund inapopigwa kwa upinde na kunguruma kama gitaa la roki.

Tatizo lililotutoa nyumbani alilieleza dada mwenyewe jana usiku. Alisema kwamba wanapopiga, watu husikia wapi wametoa kila kitu: hapa Uswidi, hapa Kampala, hapa kanisani, kama nguo yenye viraka. Kwa hiyo tumepanga maonyesho matano kuelekea mashariki na kaskazini hadi Arua, na kati ya maonyesho hayo tutawatembelea watu ambao muziki wao umekuwa ukinukuliwa na kundi hili bila kuwahi kuketi nao.

Siku ya pili: Kampala hadi Jinja

Barabara ya Jinja ina kilomita 80 hivi, nasi tuliimaliza kwa saa nne kwa sababu ya msongamano wa magari Mukono na kwa sababu Mzee hawezi kupita Namawojjolo bila kununua kuku wa kuchoma. Ndani ya gari tulisikiliza muziki njia nzima. Tulianza na Bill Evans, mpiga piano wa jazi wa Marekani, ambaye kati ya mwaka 1959 na 1961, pamoja na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye ngoma, aliwaonyesha wapiga piano kwamba besi si lazima iwe mtumishi anayetembea nyuma ya bwana wake. LaFaro alikuwa akimjibu Evans, akimkatiza, na mara nyingine akinyamaza pale ambapo kila mtu alimtarajia. Walirekodiwa New York tarehe 25 Juni 1961, na siku 11 baadaye LaFaro akafa katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 25. Mzee alitaka sehemu moja ya rekodi hiyo irudiwe mara tatu, kisha akasema, "Sikilizeni anavyoondoka. Anaacha mlango wazi."

Msitu wa Mabira tulipoingia nilibadilisha, nikaweka rekodi ambazo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizichukua katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, kule Mengo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Miongoni mwake mna entenga, ngoma 15 zilizopangwa kwa sauti za juu na chini, ambapo wapigaji wanne hupiga melodi kwenye ngoma 12 na wengine wawili hushika zile tatu zilizobaki. Baada ya jumba hilo kushambuliwa na majeshi ya serikali mwezi Mei 1966 na Kabaka Mutesa wa Pili kukimbilia uhamishoni, wapigaji wa jumbani walitawanyika, na muziki uliokuwa wa kila siku ukabaki kwa muda mrefu katika kumbukumbu za wazee wachache na katika kanda hizo. Ninapoisikia entenga sina subira na mtu anayeniambia kwamba kuchanganya ngoma na melodi katika chombo kimoja ni ugunduzi wa siku hizi.

Tulivuka Nile juu ya daraja jipya la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018, na onyesho la usiku lilipita salama. Watu walipiga makofi. Dada hakufurahi, na nilipoisikiliza tena rekodi nilimwelewa: viraka vilionekana.

Siku ya tatu: kijijini Busoga

Siku hii nitaieleza kwa urefu, kwa kuwa ndiyo iliyotugeuza.

Mpiga ngoma wetu alikuwa ametutangulia kwa pikipiki ili kuomba ruhusa, na tulipofika tulikuta wenyeji wakimalizia kupanga embaire, marimba makubwa ya Wasoga. Wanachimba shimo ardhini, wanalaza migomba miwili pembezoni mwake, kisha wanapanga juu yake mbao zilizochongwa, kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili, zikitenganishwa kwa vijiti vilivyochomekwa kwenye migomba. Shimo ndilo sanduku la sauti. Mbao nene kabisa zinapopigwa, mlio hausikiki masikioni tu, unapanda kupitia nyayo za miguu, na Mzee alivua viatu mara moja bila kuombwa.

Muziki wa aina hii umeanza kufahamika mbali tangu kundi la kijiji cha Nakibembe, huku huku Busoga, lilipotoa albamu mwaka 2023 kupitia kampuni ya rekodi ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hata hivyo, kuusikia kwenye spika na kuketi kando ya shimo ni mambo mawili yasiyolingana. Wapigaji waliketi pande zote mbili wakitazamana, wengine wawili kwa ubao ule ule, na aliyeanza alipiga mfuatano mfupi usio na madoido, mapigo yaliyo sawa kama hatua za mtu anayetembea. Wa pili akaingia, na kila pigo lake likaangukia katikati kabisa ya mapigo mawili ya wa kwanza. Ghafla mwendo ukawa maradufu, na kilichokuwa mifuatano miwili rahisi kikawa mto wa sauti ambao hakuna mkono mmoja ungeweza kuupiga.

Waganda wana majina ya kazi hizi kwenye amadinda, marimba yao ya mbao 12 yanayopigwa na watu watatu. Kuanzisha ni okunaga. Kuingia katikati ni okwawula, yaani kugawanya. Wa tatu hufanya okukoonera: anasikiliza mchanganyiko wa wale wawili, anazitafuta noti mbili za chini kabisa popote zinapojitokeza, na kuzirudia kwenye mbao mbili za juu. Anachopiga hakimo katika sehemu ya wa kwanza wala ya wa pili, kwa kuwa huzaliwa pale tu wote wawili wanapopiga. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik wa Austria, aliyefundishwa na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka, kuanzia mwaka 1959, aliandika kwamba katika muziki huu sikio husikia melodi ambazo hakuna mpigaji anayezipiga, kwa kuwa huzikusanya noti zilizo karibu kwa kimo cha sauti na kuziona kuwa sauti moja. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo miaka mingi iliyopita, lakini hapa nililisikia kwa mwili. Kulikuwa na melodi ikining'inia juu ya shimo kama moshi. Nikimtazama mpigaji yeyote mikono yake ilikuwa ikipiga kitu kingine, na nilipofumba macho melodi ilirudi.

Saa nane mchana wenyeji walimkaribisha mpiga ngoma wetu aingie nafasi ya wa pili. Kijana huyu hupiga midundo migumu ya saba na ya kumi na moja bila kutoa jasho, lakini hapa alianguka mara sita mfululizo. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa akihesabu sehemu yake kama jibu la sehemu ya mwenzake, kwa hiyo kila mara alivutwa, akapiga pamoja naye badala ya katikati yake. Mzee wa kijiji, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha miguu mitatu tangu asubuhi, alimwambia kwa Kisoga, naye kijana akatufasiria, "Mwanangu, usijione kwamba umekuja kati ya mapigo yake. Mapigo yako ndiyo mwendo. Yeye ndiye amekuja katikati yako." Kila mpigaji, alieleza, anaushika mwendo wake kama ndio wa msingi, na hakuna aliye nyuma ya mwingine.

Mara ya saba kijana alishika. Aliendelea kwa dakika zisizopungua kumi, na alipoondoka viganja vilikuwa vimemvimba.

Siku ya nne: bado Busoga

Tulibaki. Onyesho la Jumamosi lilikuwa Mbale, kwa hiyo tulikuwa na siku nzima, na dada aliomba jenereta iwashwe ili aiweke piano ya umeme kando ya embaire.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo nililitarajia na kuliogopa. Wapimaji wa sauti huigawa oktavu, yaani umbali kutoka noti moja hadi ile yenye jina lile lile juu yake, katika visehemu 1,200 viitwavyo senti, na piano huipasua oktavu katika hatua 12 za senti 100 kila moja. Marimba ya huku yana hatua tano tu katika oktavu, zinazokaribiana kwa ukubwa, na 1,200 ukigawanya kwa tano unapata 240. Kwa hiyo hatua ya pili ya marimba huangukia kati ya kibonyezo na kibonyezo, mahali ambapo piano haina sauti. Dada alipopiga noti aliyodhani inafanana, ubao ulijibu kwa sauti nyingine ya jirani, na hewa kati yao ikatetemeka vibaya.

Piano yetu ya umeme huruhusu kila noti isogezwe, nami nilitumia saa mbili kuzisogeza noti tano ziendane na mbao, moja baada ya nyingine, nikilinganisha kwa sikio na kwa kipimo cha simu. Nilifanikiwa, na matokeo hayakuwa na maana. Piano iliigiza marimba bila mbao, bila shimo, bila mkono wa mtu kushuka kwa uzito wake wote, na wakati huo huo ilikuwa imepoteza maelewano yote ya sauti ambayo dada ameyajenga tangu utotoni. Wenyeji walisikiliza kwa adabu. Dada alipiga kwa dakika tano, akaacha, akaniomba niirudishe piano kama ilivyokuwa.

Jioni, tukinywa chai ya maziwa yenye tangawizi, alisema neno ambalo tangu hapo nimekuwa nikilifikiria kila ninapofungua miksa. Alisema kwamba tumekuwa tukikosea kwa kuchukua sauti za watu, wakati sauti ni mali ya mbao na shimo lao, na kitu kinachoweza kusafiri ni namna wanavyoachiana nafasi. Nakubaliana naye kabisa. Mseto mwingi ninaoletewa nirekebishe sauti zake ni wa kuongeza: piano inapiga kila kitu ilichokuwa ikipiga, kisha marimba yanawekwa juu kama kachumbari pembeni ya pilau. Hakuna aliyepunguza chochote ili mwenzake aingie.

Kabla hatujalala walikubaliana mambo mawili. La kwanza, wimbo wa kijiji utabaki kuwa wa kijiji, nasi hatutaurekodi kwa jina letu. Wenyeji walilipwa kwa siku zao mbili na tukaachiana namba za simu. La pili, kipande kipya kitajengwa kwa mifuatano ya dada mwenyewe, lakini kwa sharti la huku: hakuna pigo la piano litakalokutana na pigo la besi.

Siku ya tano: Mbale

Tulifanya mazoezi tangu asubuhi katika ukumbi wenye piano ya zamani ya kusimama, ya mbao na nyuzi, ambayo mwangalizi wa ukumbi alituambia haikuwa imefunguliwa kwa muda mrefu. Vibonyezo vinne havikulia. Vilivyobaki vilikuwa na sauti iliyochakaa lakini ya kweli, na dada aliamua papo hapo kuiacha piano ya umeme garini.

Mpango wa kipande kipya ni huu. Mkono wa kulia wa dada unapiga mfuatano ulio sawa, bila mkazo popote. Besi inapiga mfuatano wake kwenye noti zake za juu kabisa, mahali ambapo sauti ni nyembamba na haingurumi, kila noti ikiingia katikati ya noti mbili za piano. Mpiga ngoma ndiye anayefanya okukoonera: ameikaza ngoma yake ndogo kwa noti mbili, moja kwa fimbo na nyingine kwa kuibana kwa kiwiko, na kazi yake ni kusikiliza wapi noti za chini za wenzake zimekutana na kuzitaja tena juu. Mkono wa kushoto wa dada haupigi kitu. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu mkono wa kushoto wa mpiga piano umezoea kuwa baba mwenye nyumba, na mwishowe dada aliukalia.

Kisha alichukua vifutio vya penseli vya mtoto wa mwangalizi, akavibana kati ya nyuzi za katikati, na piano ikaacha kuimba, ikaanza kugonga kwa sauti fupi kavu. Svensson naye alikuwa na tabia ya kuingiza mkono ndani ya piano na kuziziba nyuzi, na kundi la GoGo Penguin wa Manchester wamejenga nyimbo nzima juu ya piano inayopigwa kama mashine ya midundo. Dada hakujifanya kwamba amelibuni jambo hilo. Lakini hapa lilikuwa na kazi yake. Noti fupi huacha nafasi kubwa zaidi baada yake, na besi iliingia bila kusukumana.

Saa mbili na nusu usiku, katikati ya wimbo wa tatu, umeme ulikatika. Spika zilikufa, taa zikazimika, na mimi nikabaki nyuma ya miksa isiyo na kazi. Watatu hawakusimama. Mwangalizi alileta taa mbili za sola, watu wakasogeza viti mbele hadi karibu na jukwaa, na kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu niliwasikia bila chochote kati yangu na wao. Mpiga ngoma aliweka fimbo chini akachukua brashi. Besi, ambayo kwa kawaida ninaipandisha sana, ilisikika vizuri kwa kuwa wenzake walishuka kuifuata. Kipande kipya kilipigwa gizani, kikaanguka mara moja, kikainuka. Tangu usiku huo nimepunguza sauti ya spika za jukwaani kwa nusu, na hakuna aliyelalamika.

Siku ya sita: Soroti

Tulifika mchana, tukapiga jioni katika ukumbi wa shule chini ya ule mwamba mkubwa wa mji. Onyesho lilikuwa zuri bila la kueleza. Kabla yetu walipiga vijana wenye akogo, kinanda kidogo cha vidole cha Wateso, zaidi ya kumi na wawili kwa pamoja, vikubwa vikiwekwa chini na vidogo mikononi, na dada aliwatazama vidole gumba vyao tu kwa muda wote. Kila kijana alikuwa na noti chache. Hakuna aliyekuwa na wimbo mzima mkononi.

Siku ya saba: Gulu

Mvua ilitufuata kutoka Lira, tukachelewa, tukapanga vyombo mbele ya watu waliokuwa wamekwisha kuketi. Vijana wa Gulu walitaka kucheza, na kundi likawapa walichotaka: mwendo ukapanda. Katika vipande vya zamani haikudhuru kitu. Lakini kipande kipya kilipofika kwenye kasi ile, mpiga ngoma alianza kuijaza kila nafasi, Mzee akasukumwa, akaanza kupiga pamoja na piano badala ya katikati yake, na ndani ya dakika moja ule mto ukawa mlio mmoja mzito unaogonga. Watu waliendelea kucheza. Wale watatu walijua.

Walizozana nyuma ya gari mvua ikinyesha. Kijana alisema watu walifurahi, na muziki ni wa watu. Mzee alimjibu, "Mwanangu, wangefurahi hata tungewapigia debe. Swali ni kama sisi tulikuwepo." Kijana alinyamaza, akaenda kukunja nyaya zangu, kazi ambayo si yake. Mimi naona kila mmoja alikuwa na haki yake. Jazi ilizaliwa kwa watu wanaocheza, na embaire nayo huchezwa hadi vumbi linapanda. Wapigaji wa Busoga walikuwa na kasi kuliko sisi na hawakugongana. Kasi haikuwa kosa. Kijana alikuwa ameogopa ukimya.

Siku ya nane: Gulu hadi Arua

Tulivuka Nile kwa mara ya pili pale Pakwach, ambapo mto ni mpana na mtulivu, na karibu na Nebbi tulisimama kwa wachonga adungu, kinubi cha Waalur ambacho sasa kimeenea makanisani na mashuleni kote kaskazini. Vinatengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, na kile kikubwa kabisa ndicho besi ya kundi, sanduku lake la mbao lililofunikwa ngozi likiwa kubwa kuliko mtungi wa maji, na mpigaji wake huketi.

Mzee aliomba kujaribu. Aligundua jambo ambalo mikono yake ililihitaji: kwenye adungu kila uzi una noti moja tu. Hakuna kuteleza shingoni, hakuna kujaza kwa noti za njiani. Ukikwisha kuupiga uzi unauacha ulie hadi mwisho wake, na huna la kufanya isipokuwa kungoja zamu yako. Aliketi nacho karibu saa nzima, kijana akimpigia makofi katikati ya mapigo yake, wakicheka wote wawili, na ugomvi wa Gulu ukaishia hapo bila kusuluhishwa na mtu.

Siku ya tisa: Arua

Arua ni mji ambao mgeni akisalimu kwa Kiswahili hujibiwa kwa Kiswahili, na Mzee ana jamaa zake huku. Shangazi zake watatu walikuja na kuketi mstari wa mbele, wamejitanda. Ukumbi haukuwa na piano, kwa hiyo tulirudi kwenye ile ya umeme. Nilitafuta humo sauti fupi iliyokaribia ile ya vifutio vya Mbale, nikaikata mkia hadi ikawa kavu. Kila chombo nilikirekodi kwenye njia yake: piano peke yake, besi peke yake, ngoma kwa vipaza sauti vinne.

Kipande kipya kilikuja cha mwisho. Dada alianza peke yake, na alikiacha kiende kwa muda mrefu kuliko wakati wowote, mkono mmoja, sawasawa, bila kupamba. Mzee aliingia. Sikusikia akiingia, nilichosikia ni mwendo kugeuka maradufu. Kijana alikaa kimya kwa mizunguko mingi, fimbo zikiwa mapajani, akisikiliza, na alipoanza alipiga noti mbili tu, kisha moja, kisha mbili. Kasi ilikuwa ile ile ya Gulu, nilihakikisha baadaye. Watu walisimama wakacheza, na nafasi zilibaki wazi.

Baada ya onyesho shangazi mkubwa alimfuata dada jukwaani, akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, huo wimbo wa mwisho, huu hapa," kisha akauimba bila maneno, mstari wa noti tisa unaopanda, unaotua, unaopanda tena. Dada alimsikiliza hadi mwisho, akamwamkia tena kwa heshima, akanigeukia na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuupiga wimbo huo. Mzee alisema naye hakuupiga. Kijana alitikisa kichwa.

Usiku, wenzangu walipolala, nilivaa visikizi na kuifungua rekodi. Vyombo vyote vikiwa wazi, wimbo wa shangazi ulikuwepo, wazi kabisa, noti tisa kama alivyoimba. Nilifunga njia ya piano: ukatoweka. Niliifungua, nikafunga besi: ukatoweka. Nilifunga ngoma, zikabaki piano na besi, nao ukabaki kama kivuli ambacho nisingekiona kama nisingekwisha kuambiwa kipo. Nikavifungua vyote vitatu, nikaiacha rekodi iende hadi mwisho.